Unataka mashine ya espreso ya boila mbili kwa matumizi ya nyumbani? Pitia hatua hizi kabla hujalipa

Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila wiki: boila mbili maana yake nini, je kahawa itakuwa tamu zaidi, mbona hii nzito hivi, mbona ile inachelewa kupata moto, maji ya bomba yanafaa au hayafai. Sa nimeona niyaweke yote hapa kwa mpangilio, ukifuata hatua moja moja utafika mwisho unajua unanunua nini na kwa nini.

Nianze na lile linalowachanganya wengi. Boila mbili, yaani matangi mawili ya kuchemshia maji ndani ya mashine, peke yake haziongezi utamu kwenye kahawa. Espreso inataka maji ya nyuzi 90 hadi 96 hivi yakisukumwa kwa presha ya bar 9, basi. Mvuke wa kupiga maziwa ndo unataka kitu kingine kabisa, maji ya nyuzi 120 kwenda juu yakiwa yamefungiwa kwenye presha. Mashine ya boila moja inabidi ipande ikatengeneze mvuke alafu ishuke tena kwa ajili ya kahawa. Ya boila mbili kila boila ina kazi yake, unatoa kahawa huku maziwa yanapigwa, na joto la kahawa linabaki palepale ulipoliweka. La Marzocco, kampuni ya mashine za espreso ya Italia, walileta wazo hili mwaka 1970 na mashine yao ya GS kwa ajili ya migahawa, siku hizi zipo zinazokaa juu ya kaunta ya jikoni kwako.

Mimi nilianza na boila moja. Asubuhi natoa shoti mbili (mikupuo miwili ya espreso), nabonyeza swichi ya mvuke, nasimama na jagi mkononi nasubiri taa, na ikifika kuwaka ile krema, povu la juu ya kahawa, imeshapasuka katikati imebaki mduara wa kahawia ukingoni mwa kikombe. Kama hiyo ndo asubuhi yako kila siku basi endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia na karatasi
- Vijiti vya kupima ugumu wa maji, vile unachovya vinabadilika rangi
- Mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.1
- Taarifa ya umeme wa nyumbani kwako: volti ngapi, na soketi ya jikoni inabeba ampea ngapi
- Grinda nzuri, au sehemu ya bajeti uliyoitenga kwa ajili yake

Hiyo ya mwisho nitairudia huko chini maana ndo inayopuuzwa kuliko zote.

Hatua ya 1: Hesabu vikombe vyako kwa ukweli

Chukua wiki moja uandike. Siku ya leo mmekunywa vikombe vingapi vya kahawa tupu, vingapi vya maziwa, na vya maziwa vilitengenezwa mfululizo au kimoja asubuhi kimoja jioni. Usiandike unavyotamani kuwa, andika ilivyokuwa.

Kama wewe ni mtu wa espreso tupu siku zote, boila ya mvuke itakuwa inachemsha maji bure, chukua boila moja nzuri yenye PID (ile kompyuta ndogo inayoshika joto lisipandepande) na pesa inayobaki weka kwenye grinda. Kama ni kikombe kimoja cha maziwa kwa siku, mashine ya boila moja yenye bomba la kupitisha maji ndani yake, ile ambayo maji ya kahawa yanapata moto yakipita katikati ya boila ya mvuke, inaweza kukutosha kabisa. Shida yake ni kwamba ikikaa muda maji yaliyomo kwenye lile bomba yanazidi moto, inabidi umwage kidogo kabla ya kutoa shoti. Wengine hawaoni tabu, mimi ilinishinda.

Boila mbili inakufaa kama mnakunywa vikombe viwili vitatu vya maziwa mfululizo, au unapenda kubadilisha aina za kahawa na unataka kusema leo nyuzi 95 kesho 91 na iwe hivyo kweli.

Hatua ya 2: Grinda kwanza, mashine baadaye

Mashine kali ikipewa kahawa iliyosagwa hovyo itakutolea kahawa hovyo kwa joto sahihi kabisa. Unga wa espreso unataka kurekebishwa kidogo kidogo sana, ukisogeza hatua moja shoti inabadilika kwa sekunde mbili tatu, na grinda ya kawaida ya jikoni haina hatua ndogo hivo. Kwa hiyo gawa bajeti mapema. Ukiona mashine uliyoipenda imemeza pesa ya grinda, shuka daraja moja la mashine, usishuke kwenye grinda.

Angalizo: kahawa iliyosagwa tayari kwenye pakiti haitakusaidia hata ukinunua mashine ya namna gani. Inapoteza harufu haraka, na huwezi kuirekebisha.

Hatua ya 3: Pima jikoni na angalia umeme

Pima kimo kutoka kaunta hadi chini ya kabati. Wengi wanapima mashine inaingia, wanasahau kwamba tangi la maji mara nyingi linajazwa kutoka juu, sa kila ukitaka kujaza inabidi uivute mbele, na mashine hizi nyingi zina kilo 20 hadi 30. Acha nafasi ya mkono kupita na jagi juu. Pima pia upana huku umefikiria mpini (ule unaobeba kikapu cha kahawa) umefungwa na bomba la mvuke limetanuliwa pembeni, na grinda imekaa jirani.

Umeme: soma kibandiko cha nyuma. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 usiichomeke kwenye volti 230, na ukichomeka ya 230 kwenye 120 haitapata moto wa maana. Kwenye nchi za volti 120 soketi ya ampea 15 inatoa wati 1800 tu, kwa hiyo mashine nyingi za huko haziruhusu boila zote mbili kuwaka kwa pamoja, inapata moto ya kahawa kwanza alafu ya mvuke. Sio ubovu, ni mpangilio, ila muda wa kusubiri unaongezeka. Kwenye volti 230 hilo sio tatizo sana.

Angalizo: usitumie ekstensheni nyembamba. Ikipata moto mkononi ujue ndo inaanza kuyeyuka.

Hatua ya 4: Chagua kichwa cha mashine

Hapa ndo penye uamuzi mkubwa kuliko hata boila zenyewe. Kichwa ni pale unapofunga mpini, chuma ambacho maji yanapita mwisho kabla ya kugusa kahawa. Kikiwa baridi, boila yako ya nyuzi 94 haina maana.

Kuna kile cha E61, kampuni ya Faema walikitoa mwaka 1961 na kilichukua jina kutoka kupatwa kwa jua kwa mwaka huo. Ni donge la shaba iliyopakwa kromu, kilo 4 hivi, na maji ya moto yanazunguka ndani yake yenyewe kutoka kwenye boila na kurudi. Kinapendeza, spea zake zimejaa, fundi yeyote wa espreso anakijua. Lakini kilo 4 za chuma hazipati moto kwa dakika 5. Hesabu nusu saa, wakati mwingine zaidi, hata kama namba kwenye skrini imeshafika. Lelit Bianca, ECM Synchronika, Profitec Pro 600 zote zina kichwa cha namna hii.

Kuna kichwa kinachopashwa na umeme chenyewe, kama ile Dual Boiler ya Breville, ambayo Uingereza na nchi nyingi za Ulaya inauzwa kwa jina la Sage. Hizi zinapata moto haraka zaidi, ukiamka na kuiwasha ukapiga mswaki unarudi inakaribia kuwa tayari. Ndani ina vitu vya elektroniki vingi na plastiki zaidi, kwa hiyo hatua ya 8 huko chini, ya spea na fundi, inakuhusu sana.

Na kuna kichwa kilichounganishwa na boila moja kwa moja, maji ya boila yanafika mpaka juu ya kahawa, kama kwenye GS3 ya La Marzocco. Joto lake limetulia mno. Na bei yake ni ya juu.

Sa jiulize unaamka saa ngapi na unatoka saa ngapi. Kama kati ya hapo kuna dakika 20, E61 itakukera kila siku. Dawa yake ni plagi yenye taima iwashe mashine kabla hujaamka, ila hakikisha mambo mawili: plagi inabeba ampea za mashine, na mashine ina swichi ya kugeuza kwa mkono. Zile zenye kitufe cha kielektroniki ukirudisha umeme zinakaa tu zimezima.

Hatua ya 5: Soma namba za boila bila kudanganyika

Boila ya kahawa ya nyumbani mara nyingi huwa kati ya lita 0.3 na 0.8. Boila ya mvuke mara nyingi huwa lita 0.6 mpaka 2. Watu wanakimbilia kubwa. Kubwa inachelewa kupata moto na inakula umeme zaidi, na kwa jagi moja au mawili ya maziwa lita 1 inatosha. Kilicho muhimu zaidi ni kama unaweza kuizima boila ya mvuke peke yake siku ambayo hutaki maziwa, na kama unaweza kubadilisha joto lake. Mvuke wa bar 1 uko karibu nyuzi 120, wa bar 1.5 karibu 127. Ukiwa unajifunza weka chini, una muda wa kuzungusha maziwa vizuri. Ukizoea pandisha.

Kuhusu namba ya PID: kwenye E61 namba unayoiona ni ya boila, maji yanayofika kwenye kahawa yako chini kwa nyuzi kadhaa. Watengenezaji wengine wamesharekebisha ndani, wengine hawajarekebisha. Kwa hiyo usichukue 93 ya jirani yako ukaiweka kwako ukategemea ladha ileile, soma kijitabu kisha onja.

Hatua ya 6: Pampu

Hapa nitapita haraka. Pampu ya mtetemo ni ndogo, inapiga kelele, inavuta maji kutoka tangini tu, na ikifa unabadilisha kwa gharama ndogo. Pampu ya kuzunguka iko kimya, inadumu, na mashine nyingi zenye nayo unaweza kuziunganisha na bomba la maji la nyumba moja kwa moja. Kahawa haijui tofauti. Kama chumba cha kulala cha mtoto kiko jirani na jiko, lipa zaidi uchukue ya kuzunguka.

Kuna pia mashine zenye kishikio cha kupunguza kasi ya maji wakati kahawa inatoka, Lelit Bianca inakuja nacho. Kizuri kwa anayependa kuchezea kahawa za kukaanga kidogo. Kwa anayeanza kinaongeza kitu kingine cha kukosea, kiache kimefunguliwa chote miezi ya mwanzo.

Hatua ya 7: Maji, na hapa tulia usome

Mashine nyingi za boila mbili zinauliwa na maji kabla ya kitu kingine chochote. Angalia ndani ya birika lako la umeme. Ukiona ukoko mweupe, huo huo ndo utajijenga ndani ya boila, kwenye vijitundu vyembamba vya chini ya milimita moja, na huko huwezi kusugua.

Boila ya mvuke inaumia zaidi na watu hawajui kwa nini. Mvuke ukitoka unatoka maji matupu, madini yanabaki ndani. Unajaza tena, yanaongezeka. Baada ya wiki kadhaa maji ya humo ni magumu mara nyingi kuliko uliyoweka. Ndo maana kila siku chota kikombe kimoja cha maji ya moto kutoka kwenye bomba lake umwage, boila ijaze maji mapya.

Fanya hivi: pima maji yako kwa kijiti. Ukipata ugumu wa miligramu 50 hadi 100 kwa lita uko pazuri. Ukipata 200 na kuendelea, usiyatie, tafuta chujio la kulainisha au maji ya chupa yenye madini kidogo (kibandiko cha chupa kinaonyesha). Angalia na kloridi pia, ikiwa nyingi inakula chuma hata kile kisichoshika kutu.

Alafu kuna kosa la upande wa pili, na hili nililifanya mwenyewe. Nikasema basi natia maji yaliyochujwa madini yote, matupu kabisa, hayataacha ukoko. Siku ya pili nafungua bomba la mvuke linatema maji, maji tu yanamwagika kwenye jagi. Ilikuwa hivi: ndani ya boila kuna kijiti cha chuma kinachohisi maji yamefika kwa kupitisha umeme mdogo, na maji yasiyo na madini hayapitishi umeme, kwa hiyo mashine ikaamini boila ni tupu ikaendelea kujaza mpaka juu. Maji matupu pia yanakula metali taratibu. Sa hivi natia potasiamu bikaboneti ya chakula, gramu 0.1 kwa kila lita ya maji yaliyosafishwa. Haina kalisiamu kwa hiyo ukoko hakuna, na sensa inasoma vizuri.

Angalizo: usimimine dawa ya kuondoa ukoko, siki wala limau bila kusoma kijitabu. Kuna mashine zina utaratibu wake rasmi wa kufanya hiyo kazi, na kuna ambazo mtengenezaji anakataza kabisa, kwa sababu ukoko ukibanduka unaenda kuziba valvu.

Hatua ya 8: Uliza spea na fundi kabla ya kulipa

Uliza muuzaji maswali matatu na usiondoke bila jibu. Gasketi ya kichwa inapatikana wapi. Pampu na sensa zinapatikana wapi. Nani anaifungua ikiharibika. Akijibu "hazi­haribiki hizi" tafuta muuzaji mwingine, kila mashine inayochemsha maji kwa presha itaharibika kitu siku moja. Chukua yenye mpini wa milimita 58 maana vikapu, tampa (ya kukandamizia kahawa) na gasketi za saizi hiyo zimejaa kila mahali.

Hatua ya 9: Ijaribu, hasa kama imetumika

Nenda na kahawa yako na mizani yako. Muombe aiwashe mapema. Weka gramu 18, lenga gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30, na wakati inatoka fungua mvuke kwenye jagi la maziwa. Macho yako yawe kwenye geji. Ya mvuke itashuka kidogo kisha itulie, ikishuka mpaka chini na kubaki huko kuna shida. Namba ya joto la kahawa isicheze.

Ya mitumba: fungua kifuniko cha juu ukiwa na tochi, mashine ikiwa imechomolewa. Kwenye maungio ya mabomba tafuta ukoko wa kijani au mweupe, hiyo ni alama ya maji yaliyokuwa yanavuja na kukauka hapohapo. Uliza ilikuwa inatiwa maji gani. Asipojua, punguza bei kichwani mwako kwa gharama ya fundi kuisafisha yote. Uliza pia kama iliwahi kukaa kwenye baridi ya kugandisha ikiwa na maji ndani, barafu inapasua boila.

Hatua ya 10: Siku ya kwanza nyumbani

Jaza tangi, washa, acha pampu ijaze boila yenyewe mpaka inyamaze. Usiwe na haraka ya kubonyezabonyeza. Ikipata moto pitisha maji matangi mawili matatu kupitia kichwa na bomba la maji moto, utoe vumbi la kiwandani.

Toka siku hiyo: ukimaliza maziwa futa bomba la mvuke saa hiyohiyo na kitambaa chenye maji kisha fungua mvuke kidogo, maziwa yakikauka humo utayachimba na sindano. Kila siku weka kikapu kisicho na matundu, washa pampu sekunde 5 zima, mara tano hivi, mafuta ya kahawa yarudi kwenye trei. Mara moja kwa wiki au mbili fanya na poda ya kusafishia mashine. Kwenye E61 poda inaondoa grisi ya kile kishikio cha kuanzishia shoti, kikianza kukwaruza paka grisi ya silikoni ya chakula.

Shida zinazojitokeza na cha kufanya

Shoti inakimbia, chachu: saga laini zaidi. Usiguse joto kwanza. Watu wanahangaika na PID wiki nzima na tatizo lipo kwenye grinda.

Shoti inadondoka tone tone, chungu: saga chenga kidogo, au umejaza kikapu kupita kiasi.

Chachu asubuhi tu, mchana iko vizuri: kichwa hakijapata moto. Acha mpini umefungwa wakati inapata moto, na subiri zaidi.

Maji yanavuja pembeni ya mpini: safisha unga ukingoni mwa kikapu. Kama bado, gasketi imekuwa ngumu, ibadilishe, ni kazi ya dakika kumi. Usikaze mpini kwa nguvu zote ukidhani umetibu.

Pampu inanguruma maji hayaji: tangi halijakaa vizuri au mrija umejikunja, au hewa imenasa. Kaza tangi, nyoosha mrija, jaribu tena.

Mvuke dhaifu: angalia vijitundu vya ncha ya bomba vimezibwa na maziwa, loweka. Kama viko safi, hakikisha boila ya mvuke imewashwa, utashangaa ni mara ngapi jibu ni hilo.

Breka inakatika ukiiwasha: chomoa kila kitu kwenye laini hiyo ujaribu mashine peke yake. Ikikatika tena, usiendelee kurudisha, huenda hita imeingiza maji, hiyo ni kazi ya fundi.

Inafoka mvuke kidogo juu wakati inapata moto alafu inanyamaza: ni kawaida, ni valvu inayotoa hewa kabla ya kujifunga. Ila ikiendelea kufoka baada ya presha kupanda, au sindano ya geji imepita eneo jekundu, zima, chomoa plagi, usifungue kifuniko mpaka ipoe kabisa, alafu ita fundi.